Uzi: Mwenyekiti wa mtaa anatupa habari zote WhatsApp, mkutano haitishi tena. Hii imekaaje?

#1 KonaYaBar
Wakuu salaam.
Niende moja kwa moja. Huku kwetu Mwanza tulipata mwenyekiti mpya wa mtaa kwenye uchaguzi ule wa tarehe 27 Novemba 2024. Kijana, kasoma, mchangamfu. Hata kiti hakijapata joto, kafungua grupu la WhatsApp la mtaa. Sasa habari zote ziko humo: maji yanakatika lini, gari la taka linapita saa ngapi, msiba uko kwa nani, mtoto kaokotwa sokoni kavaa kaptula ya bluu mwenye naye afike ofisini. Sijapiga mswaki nishajua mtaa umeamkaje. Aliyemtangulia tulikuwa tunamwona misibani na kwenye kugongewa mhuri, basi.

Shida yangu ni hii. Tangu grupu lianze, mkutano wa wakazi hauitishwi. Nilimkuta kwa kinyozi nikamuuliza, akanijibu, "Kaka, taarifa si unazipata?" Na grupu lenyewe wanaandika viongozi tu. Sisi wengine tunasoma na kuweka dole.

Mimi naona huyu katupa habari lakini katunyang'anya kauli. Nyie mnasemaje?

#2 Fundi_Bati
Yaani unalalamika kwa sababu unapewa taarifa? Njoo huku kwetu. Wetu simu hapokei, ukimfuata nyumbani mkewe anakwambia "katoka, na mhuri kaondoka nao." Tubadilishane hata kesho.

#3 Ngoma_Nzito
Naweka kambi hapa. Leteni kahawa.

#4 MtendajiMstaafu
Mleta mada, umegusa mahali penyewe. Nimekuwa mtendaji wa kijiji, baadaye wa mtaa, mpaka nikastaafu, kwa hiyo naongea kitu nilichokula nacho ugali.

Kwanza tutofautishe watu. Mwenyekiti mnamchagua nyie. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, na ndiye katibu wa mkutano. Anayeitisha ni mwenyekiti, anayeandika muhtasari ni mtendaji. Mmoja akilala, mwenzake hana pa kuanzia.

Pili, kwa vijijini sheria ya 1982, ile namba 7, imeweka Mkutano Mkuu wa Kijiji ambao ni wakazi wote wa miaka 18 na kuendelea, na unakaa kila miezi mitatu. Halmashauri ya Kijiji, ile ya wajumbe 15 hadi 25, inawajibika kwa mkutano huo. Huku mjini tunakwenda na namba 8 ya mwaka huohuo.

Sasa kwa nini mkutano si hisani ya mwenyekiti? Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uridhie. Nimeona mwekezaji kafika na gari zuri, barua zote anazo, akaambiwa arudi kwa sababu muhtasari wa mkutano haupo. Ukiniletea dole gumba 200 za WhatsApp mahali pa muhtasari nitakucheka.

Tangazo linatoka juu kwenda chini. Mkutanoni mwenye swali ananyanyua mkono na lazima ajibiwe mbele za watu, na kinaandikwa.

#5 KonaYaBar
Shukrani mkuu. #2 soma hapo juu polepole.

#6 Dada_Kiroboto
Nyie wanaume mnaongea sheria, hamjatuuliza tunaokaa huko mtaani mchana kutwa. Mikutano yenyewe ilikuwa inaitwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Saa nne mimi nina chapati kwenye moto. Anayekwenda ni nani? Wazee wawili watatu na wale vijana wa kijiweni wanaotegemea soda. Wanaamua wao, halafu mimi naletewa risiti ya mchango.

Na usisahau wapangaji. Mtaa wetu nusu ni wapangaji. Zamani mtu anaitwa mkutanoni anasema "mimi mpangaji tu, mwambieni mwenye nyumba," na mwenye nyumba haishi hata mkoa huu. Kwenye grupu angalau mpangaji anajua kinachoendelea. Mimi niliyakinga maji mapema juzi kwa sababu ya lile grupu, jirani yangu asiye na simu kubwa alikuja kuniomba ndoo. Nalitetea.

#7 Kitochi
Umejijibu mwenyewe dada. "Jirani asiye na simu kubwa." Mtaani kwetu bibi zetu wote wana kitochi. Mama mkwe wangu anapata habari ya mkutano wa wazee kutoka kwa mjukuu, na mjukuu anampa akikumbuka au akitumwa dukani. Hata mwenye simu kubwa, bando likiisha tarehe 20 hana habari hadi mwisho wa mwezi.

#8 Fundi_Bati
#7 jina lako na hoja yako vimefanana 😂

#9 Mulika_Mwizi
Habari za huko, majirani. Mimi niko Nakuru. Hili jambo kwetu lilianza kitambo, na si kwa WhatsApp. Tulikuwa na chifu wa Lanet Umoja, Francis Kariuki. Mzee alianza kutumia Twitter kuwapasha wakazi habari, na mwaka 2012 waandishi wa dunia nzima walimiminika kuja kumtazama. Wakati huo ujumbe ulikuwa herufi 140 tu, kwa hivyo hakuna hotuba.

Alikuwa anaandika vitu vya kijiji hasa. Kondoo wa kahawia na nyeupe amepotea, ana kamba ya nailoni shingoni, ni wa baba yake fulani. Kondoo akapatikana. Usiku wa manane wezi wako kwa nyumba ya mwalimu, chifu akatuma ujumbe, watu wakatoka, wezi wakatoroka. Kuna jamaa alitumbukia kwa shimo la choo, akaokolewa kwa njia hiyo hiyo. Mwenyewe alisema visa vya uhalifu vilipungua sana.

Na #7, lile swali lako la simu ndogo lilikuwa na jibu: wakati huo ulikuwa unaweza kumfuata kwa SMS. Mtu mwenye kabambe bila intaneti alikuwa anapata ujumbe sawa na mwenye simu janja. Wakulima wengi wa pale walikuwa hivyo.

#10 Ngoma_Nzito
Huyo kondoo alipatikana na mwizi wake au peke yake?

#11 Mulika_Mwizi
#10 alipatikana amefungwa mahali. Waliomficha nadhani walikuwa wafuasi wa chifu pia 😂

#12 MtendajiMstaafu
Simulizi nzuri, lakini tusichanganye karanga na maharage. Chifu wa Kenya ni mwajiriwa wa serikali kuu, hapigiwi kura. Mwenyekiti wetu wa mtaa tunampigia kura kila miaka mitano: 2014, 2019, 2024. Chifu akitoa taarifa haraka kamaliza sehemu kubwa ya kazi yake. Mwenyekiti ana deni la ziada, anatakiwa arudi kwa waliomchagua awaeleze fedha zao zimefanya nini. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Imesema madaraka, haikusema matangazo.

#13 Mulika_Mwizi
Sawa mzee, lakini hata Kariuki hakuacha baraza, yaani mkutano na wakazi, kwa sababu ya Twitter. Chifu bila baraza ni chifu gani? Ndiyo nilikuwa nataka kusema, kimoja hakiui kingine. Huyo wenu ana uvivu wake tu, msisingizie simu.

#14 Mzee_wa_Kahawa
Haya yote yamekuja baada ya kuwadharau mabalozi wa nyumba kumi. Balozi alikuwa kiongozi wa serikali wa chini kabisa, anajua nani kalala kwa nani. Mgeni akiingia jioni, asubuhi balozi anabisha hodi. Habari ilikuwa inapita mlango kwa mlango, hakuna bando wala nini.

#15 Kitochi
Mzee hapo rekebisha. Balozi ni wa chama. Mfumo ulianza enzi za TANU, na wakati wa chama kimoja ilikuwa ngumu kujua chama kinaishia wapi na serikali inaanzia wapi. Vyama vingi viliporudi 1992, balozi alibaki wa CCM. Serikali ngazi ya chini ni mtaa, na huko vijijini ni kijiji na vitongoji vyake. Mimi wa chama kingine nikapeleke shida kwa balozi kwa misingi gani?

#16 Mzee_wa_Kahawa
Kijana, ukifiwa usiku utajua misingi gani. Balozi wangu hajawahi kumuuliza mtu kadi kabla ya kutandika turubai.

#17 Mulika_Mwizi
Na sisi tulichukua jina hilo hilo, Nyumba Kumi, tangu 2013 hivi, lakini kwetu ni mambo ya usalama, kujuana na majirani. Chama hakimo. Jina moja, wanyama wawili.

#18 Mama_Ntilie_wa_Igoma
Mnazunguka sana. Niseme mimi? Mkutano hauitishwi kwa sababu ya ajenda moja: mapato na matumizi.

Mtaa niliokuwa nakaa kabla ya hapa, tulichangishwa hela ya madarasa na ya ulinzi shirikishi. Siku ya mkutano tumekaa chini ya mwembe, daftari la mahudhurio linazunguka na kalamu moja imefungwa uzi. Mwenyekiti kasoma habari nzuri zote, anapigiwa makofi. Akasimama mama mmoja mfupi, muuza dagaa, na karatasi kaikunjua kutoka kwenye pindo la khanga. Kaandika mwenyewe kwa penseli: kaya fulani zimetoa kiasi fulani, mifuko ya simenti niliyoihesabu mimi ni hii, je, iliyobaki? Mwenyekiti alianza kutafuta miwani. Miwani iko usoni. Ikasemwa mkutano uahirishwe kwa kuwa mvua inakuja, na jua lilikuwa kali la kuanikia dagaa.

Baada ya hapo hatukuitwa tena. Sasa grupu ambalo wanaandika viongozi tu, yule mama wa dagaa ataikunjulia wapi karatasi yake?

#19 KonaYaBar
#18 umemaliza. Hiyo ndiyo "kauli" niliyoisema.

#20 Chapa_Kazi_Mtaani
Siyo kila mwenyekiti mwizi jamani. Wetu ni mchapakazi, mnamkatisha tamaa tu.

#21 Fundi_Bati
#20 wewe ni shemeji yake au chawa wake? Umejiunga leo, ujumbe wako wa kwanza ni huu.

#22 Chapa_Kazi_Mtaani
Kwani kujiunga leo ni kosa?

#23 Mtu_wa_Kigali
Niko Rwanda kwa shughuli zangu miaka kadhaa sasa. Hapa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda: watu wanatoka asubuhi kufanya usafi, kuchimba mitaro, kupanda miti. Kazi ikiisha mnakaa hapohapo mlipo na majembe yenu, kiongozi wa umudugudu (kijiji au mtaa wao) anatoa matangazo na watu wanauliza. Mkutano hauhitaji kuitishwa, watu tayari wako pale na matope miguuni. #6 suala lako la chapati linaisha kwa sababu siku inajulikana mwezi mzima kabla.

#24 Dada_Kiroboto
#23 na wasiotoka wanafanywaje? Hapo ndipo sitaki kusikia. Sisi tulishachoshwa na mgambo.

#25 Mwana_Goma
Salamu kutoka Goma. Kwetu pia tuko na salongo, kazi kama hiyo, ya Siku ya Posho (Jumamosi), na shefu wa avenue ndiye anapita kuambia watu. Lakini nawambia kitu kimoja: wakati wa mambo kuwa mabaya, ile grupu ya WhatsApp inaweza tia watu mbio bure. Mtu anatuma sauti ya mwaka uliopita, watu wanabeba magodoro. Shefu akisema kwa mdomo, unaona uso wake, unajua kama mwenyewe amefunga virago ao hapana.

#26 Ngoma_Nzito
#25 hiyo ya kuangalia kama shefu kafunga virago nimeipenda.

#27 Binti_Mjasiriamali
Mimi nina kisa cha upande wa pili, taarifa inapochelewa makusudi. Mnakumbuka mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu? Serikali iliisimamisha 2023, ikarudishwa 2024. Iliporudi, kikundi chetu cha ushonaji tulikuwa tayari na katiba na akaunti. Tunasubiri tangazo. Likawekwa kwenye grupu la mtaa Ijumaa jioni, mwisho wa kupeleka maombi Jumatatu. Wikiendi nzima unatafuta barua na ofisi imefungwa. Vikundi viwili vilivyowahi, viongozi wake wote wana undugu na watu wa ofisi.

Ukiwauliza wanakuonyesha skrinshoti: "tulitangaza." Na ni kweli walitangaza.

#28 Chapa_Kazi_Mtaani
Labda na wao walipata barua kutoka juu kwa kuchelewa. Barua inatoka halmashauri, inakuja kata, inakaa mezani kwa mtu, ndiyo inashuka mtaani. Msimbebeshe mwenyekiti mizigo ya meza tatu.

#29 MtendajiMstaafu
#28 hapo umesema kweli, chawa au si chawa. Nimepokea barua za mwaliko wa semina siku mbili baada ya semina. Lakini hilo halielezi wale ndugu walijuaje.

#30 Wakili_wa_Kijiweni
Mimi niongeze sumu nyingine ya haya magrupu. Wetu kaweka orodha ya wanaodaiwa hela ya taka, majina na namba za simu na namba za nyumba, zile namba za anwani za makazi za 2022. Kuna dada alipigiwa simu na watu asiowajua wiki nzima. Wakuu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ilianza kutumika Mei 2023. Kiongozi akibandika namba za watu hadharani ajue anacheza wapi. Ubao wa matangazo wa ofisi ulionwa na watu kumi, grupu linaonwa na mamia na linapelekwa Dodoma kabla hujafumba jicho.

#31 Fundi_Bati
Na wewe ulikuwa kwenye orodha?

#32 Wakili_wa_Kijiweni
Hilo tuliache.

#33 Mkaazi_wa_Shehia
Assalaam alaykum. Kwetu Unguja mambo ni mbali na yenu. Sheha hatumchagui, anateuliwa na Mkuu wa Mkoa. Kwa hiyo hilo la "tulikuchagua urudi kwetu" halipo. Lakini sheha wangu huwezi kumkimbia wala yeye hawezi kukukimbia, mnaswali safu moja. Baada ya Ijumaa anasimama barazani, anasema lake, watu wanamsema papo hapo. Sasa nyinyi mna sanduku la kura na hamna baraza. Sijui nani kapunjwa.

#34 Aliyekuwa_Kiti
Nimevumilia nimeshindwa. Nilikuwa mwenyekiti wa mtaa awamu iliyopita, sitaji wapi. Mnaongea kama vile ukiitisha mkutano watu wanakuja.

Hakuna mshahara, kuna posho ambayo ikichelewa hujui umuulize nani. Bando yako. Kukodi spika ya kufunga kwenye bodaboda, hela yako. Unazunguka mtaa mzima unatangaza, siku yenyewe mnakuja watu wasiojaza mabenchi mawili, na mmoja amekuja kuulizia mbuzi wake. Ukitangaza kuna ugawaji wa vyandarua au majina ya TASAF, ile ya kusaidia kaya masikini, yanahakikiwa, mpaka waliohama wanarudi! Akidi haijatimia, unaahirisha. Ukiahirisha wanasema unakimbia maswali. Ukiendelea wanasema umeamua na wenzako.

Na kuhusu grupu kufungwa wakaandika viongozi tu, nililifungua la kwangu kwa wote. Siku ya kwanza nilipata mahubiri, bei ya nyanya, video ya nyoka, na wanandoa wawili wakaachana humo humo mtaa mzima unashuhudia. Tangazo langu la kipindupindu lilipotelea katikati. Nililifunga kabla ya usiku. Msilaumu kitu ambacho hamjawahi kukishika.

#35 Mama_Ntilie_wa_Igoma
#34 pole sana. Ila mapato na matumizi uliyasoma?

#36 Aliyekuwa_Kiti
Niliyabandika ubaoni.

#37 Mama_Ntilie_wa_Igoma
Ubao uko ndani ya ofisi au nje?

#38 Ngoma_Nzito
😂😂😂 Huyu mama ndiye wa dagaa mwenyewe.

#39 Kitochi
#34 ana hoja nusu. Watu hawaji kwa sababu walikuja mara nyingi na hakuna kilichobadilika. Ukiulizia kalvati unaambiwa hiyo ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ukiulizia maji unaambiwa ni mamlaka ya maji. Ukiulizia umeme, TANESCO. Kila swali lina mwenyewe na mwenyewe hayupo mkutanoni. Sasa nimfuate mwenyekiti chini ya mwembe aniambie "nimelipokea"? Siku ofisa wa TARURA akija kukaa kwenye benchi, mtaona mabenchi yanavyojaa.

#40 Mzee_wa_Kahawa
Tatizo ni vijana kupenda simu.

#41 Dada_Kiroboto
Mzee na wewe unaandika hapa kwa kutumia nini, barua ya posta?

#42 Msafiri_wa_Lori
Nimesoma kuanzia juu. Naomba kuuliza tu nje ya mada kidogo: barua ya utambulisho wa kufungulia akaunti ya benki mnalipa shilingi ngapi kwenu? Mimi mtaa mmoja niliambiwa bure, wa pili nikaambiwa elfu tano "ya karatasi."

#43 Fundi_Bati
Elfu tano ya karatasi? Hiyo karatasi imetoka Uswisi? Ukitoa hela dai risiti ya serikali, yenye namba ya malipo. Wakikosa risiti, hela hurudi mfukoni yenyewe.

#44 MtendajiMstaafu
#43 sahihi. #42 anzisha uzi wake, huo una wajuzi wengi kuliko huu.

#45 KonaYaBar
Wakuu, taarifa kidogo. Nilimtumia mwenyekiti maneno ya #4 na #18 bila kutaja uzi. Kakaa kimya siku nzima, jioni kaandika kwenye grupu kwamba mkutano upo Jumapili saa kumi, uwanja wa shule, ajenda zitafuata. Halafu kalifungua grupu ili watu "wapendekeze ajenda."

Mpaka sasa yamependekezwa haya: mbwa wa nyumba ya ghorofa, mziki wa baa (hapo nimetajwa), taa ya njia panda, na kuna mtu anauza kuku wa kienyeji. Mapato na matumizi hajayataja mtu. Nikiyaandika mimi wa kona ya baa itaonekana nina kisa.

#46 Mama_Ntilie_wa_Igoma
Niunganishe kwenye hilo grupu, nitayaandika mimi.

#47 Aliyekuwa_Kiti
Jumapili saa kumi kuna mechi. Mtaona.

#48 Ngoma_Nzito
Kuku anauza bei gani?